Mjane yule hakununua mume

Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Makala ya ukurasa wa burudani wa Jumapili iliyopita, ile ya opereta (mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na mazungumzo) iitwayo Mjane Mchangamfu, imenifanya nitafute karatasi na kalamu. Mwandishi wako anasema hicho ni kisa cha mwanamke tajiri aliyekwenda Paris kununua mume, na cha mwanajeshi mzuri wa sura aliyetumwa na serikali yake akamnase kwa mahaba ili fedha zisitoke nchini. Muziki akampa Johann Strauss. Mwisho akatutania kwamba kumbe hata Ulaya wako wajane wa mjini.

Kwa Strauss peke yake nisingehangaika. Strauss wa walzi, ile dansi ya wawili ya kuzunguka, alifariki mwaka 1899, na mjane huyu alipanda jukwaani mara ya kwanza tarehe 30 Desemba 1905, katika ukumbi wa Theater an der Wien mjini Vienna, Austria. Mtunzi wake ni Franz Lehár, aliyezaliwa mwaka 1870 Komárom, mji uliokuwa Hungaria wakati ule na leo sehemu hiyo iko Slovakia. Baba yake alikuwa kiongozi wa bendi ya jeshi, naye mwenyewe akaongoza bendi za jeshi kabla ya kuhamia kwenye majumba ya michezo. Maneno yaliandikwa na Viktor Léon na Leo Stein, na wao kisa walikitoa katika mchezo wa Mfaransa Henri Meilhac wa mwaka 1861. Hayo yanasahihishwa kwa mistari miwili chini ya ukurasa, yakaisha. Lililonitoa jikoni ni la huyo mwanamke. Amesingiziwa, na hana ndugu Tanzania wa kumsemea.

Nadhani najua mwandishi wako alikopotelea. Ametazama filamu. Katika filamu ya mwaka 1934 ya Ernst Lubitsch, waliyocheza Maurice Chevalier na Jeanette MacDonald, ndimo mfalme anapomtuma Danilo, yule mwanajeshi, kwenda Paris kumbembeleza mjane, Danilo anaposhindwa anapelekwa mahakamani, na ndoa inafungwa wakiwa ndani ya selo. Filamu tamu, siikatai. Lakini hicho ni kisa kingine kilichovaa nguo za hiki. Hata jina la Sonia alilolitaja si la Vienna. Lilizaliwa London mwaka 1907, walipoigiza kwa Kiingereza wakabadilisha majina ya watu na ya nchi. Vienna mjane anaitwa Hanna Glawari, na nchi yake ni Pontevedro. Na katika opereta yenyewe Danilo anatumwa akamwoe Hanna kwa ajili ya taifa, naye anakataa. Anakataa mbele ya balozi wake, waziwazi. Ukikutoa kukataa huko, kisa kizima kinaporomoka, kinabaki cha tapeli na tajiri.

Utauliza, mwanamke wa Chumbageni haya ameyajulia wapi? Baada ya kufiwa na mume wangu nilimfuata dada yangu Vienna, na kwa kuwa kazi yangu tangu usichana ni cherehani, nikaajiriwa katika chumba cha nguo cha jumba moja la michezo. Kazi yetu ilikuwa kushona, kupunguza, kuongeza, kufua damu ya bandia, na kuvalisha watu gizani nyuma ya pazia. Opereta hii ilirudi kila baada ya muda, maana huko haichoki. Ukutani tulikuwa na spika ndogo ya kutujulisha onyesho limefika wapi, kwa hiyo mimi nyimbo zake nilizijua kwa nguo kabla sijazijua kwa maana. Wimbo fulani ukianza, nilijua ndoano za gauni la mke wa balozi ziwe tayari wazi. Ukisikia fidla zinapanda kwa upole, basi una muda wa kukaa na kunywa maji. Kijerumani kilikuja polepole, na kilipokuja nikagundua kwamba watu niliokuwa nikiwafunga vifungo walikuwa wanasema mambo mazito.

Niruhusu nikieleze kisa kama kilivyo, maana wasomaji wako wamepewa cha kuokoteza.

Pontevedro ni kinchi cha Balkani kilichofilisika. Ni cha kubuni, ila hakuna aliyedanganyika: mwanamfalme wa Montenegro wakati ule aliitwa Danilo, ukoo wa kifalme ulikuwa wa Petrović-Njegoš, na Zeta ni jina la sehemu ya nchi hiyo. Ndani ya opereta Danilo ni mtoto wa ukoo bora, Baroni Zeta ni balozi, na Njegus ni karani wa ubalozini. Wamontenegro hawakufurahi, na siwalaumu. Balozi Zeta anaishi Paris na ana hofu moja tu. Hanna ameachiwa na marehemu mumewe, mwenye benki wa mfalme, faranga milioni 20. Akiolewa na Mfaransa, fedha zitahama naye, na nchi itakwisha. Kwa hiyo lazima aolewe na Mpontevedro, na aliyepo karibu ni Danilo, katibu wa ubalozi, ambaye kazi yake halisi ni kulala mchana na kukesha Maxim's. Mkahawa huo si wa kubuni. Ulifunguliwa Paris mwaka 1893 na upo hadi leo.

Balozi asilolijua ni kwamba hawa wawili wana lao la zamani. Hanna alipokuwa binti wa watu wa kawaida, hana mbele wala nyuma, Danilo alimpenda, na ukoo wa Danilo ukasema hapana. Danilo akatii. Hanna akaolewa na mzee wa benki, mzee hakukawia kufa. Sasa wanakutana ubalozini, yeye ana mamilioni, mwanamume ana usingizi wa pombe. Hanna hajasahau kwamba alikataliwa kwa umaskini. Anasema wazi kwamba mwanamume yeyote anayemwambia "nakupenda" siku hizi anaziambia fedha zake. Danilo naye, kwa kiburi na kwa aibu ya zamani, anaapa kwamba neno hilo Hanna hatalisikia kutoka kinywani mwake. Ndipo walipofungwa wote wawili. Akilisema, ni mwongo kama wengine. Asipolisema, hampendi. Nionyeshe mtunzi wa tamthilia za siku hizi aliyepata fundo safi kama hilo katika dakika 20 za kwanza.

Halafu kuna ile dansi ya kufunga sehemu ya kwanza. Inatangazwa kwamba sasa wanawake ndio watachagua wa kucheza naye. Wanaume wanamzunguka Hanna, kila mmoja anajipigia debe. Hanna anamchagua yule pekee asiyeomba, Danilo. Danilo anasema haya, dansi hii sasa ni mali yangu, naiuza: faranga 10,000, na fedha zitakwenda kwa maskini. Wapenzi wote wanayeyuka. Watu waliokuwa wakipiga magoti kwa ajili ya milioni 20 wanashindwa kutoa elfu 10 kwa ajili ya mwanamke mwenyewe. Mwandishi wako anasema mjane ananunua. Kinachouzwa pale ni dakika chache za kucheza naye, muuzaji ni mwanamume, na soko zima halina mnunuzi.

Hapa niseme langu, Mhariri, na ukilikata kwa kukosa nafasi sitanuna. Mimi sikuachiwa milioni 20. Niliachiwa kiwanja na cherehani. Nilipotoka eda hodi hazikukatika. Mzee mmoja wa heshima zake alinipa pole, akanywa chai, akala vitumbua vyangu, kisha akauliza zile cherehani zilinunuliwa kwa jina la nani. Mwingine alitaka kujua hati ya kiwanja naiweka wapi, kwa wema tu, isije ikaliwa na mchwa. Shemeji mmoja aliniambia kwamba mwanamke peke yake ni nyumba isiyo na komeo, na wakati anasema hivyo macho yake yalikuwa yanapima ukuta. Kama nilikuja kuolewa tena au la si habari ya gazeti. Ninachosema ni kwamba miaka ile nilipokuwa nimesimama nyuma ya pazia na sindano mdomoni, nikamsikia Hanna anawajibu wale Wafaransa, nilijua anaongea nini bila kuhitaji kamusi. Mjane aliyeachiwa kitu hujifunza kusikiliza swali la pili, lile linalokuja baada ya pole.

Sehemu ya pili inafanyika bustanini kwa Hanna, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Amewaalika watu kwa sherehe ya kwao, wamevaa nguo za kwao, mashati ya tarizi, vizibao, mishipi mipana, kazi ya wiki nyingi kwa mshonaji. Hanna anaimba hadithi ya Vilja, jini wa kike wa msituni aliyependwa na mwindaji. Baadaye anamwimbia Danilo wimbo wa mpanda farasi mjinga ambaye msichana anamwonyesha kila ishara naye haoni. Danilo anasikia, anaelewa, anajifanya hajaelewa. Watu hawa wawili hawaongei ila kwa mafumbo. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Mwandishi wako, ambaye bila shaka kakulia mahali penye taarabu, ilikuwaje akaona pale mwanamke mwenye tamaa na asione anayemrushia mtu fumbo kwa sababu njia iliyonyooka imezibwa?

Mahali hapo pia ndipo wanaume saba wanapojipanga na kuimba jinsi ya kuishi na wanawake na namna wasivyoeleweka. Saba wazima, na wenye wake kati yao hakuna hata mmoja anayejua mkewe yuko wapi dakika ile. Ukumbi unacheka kila mara, na wanawake wanacheka zaidi. Mwandishi wako ameunukuu wimbo huo kana kwamba ndio msimamo wa opereta. Mwanangu, wale ndio wanaochekwa.

Sasa upepeo. Camille, kijana wa Kifaransa, anampenda Valencienne, mke wa balozi Zeta. Ameandika juu ya upepeo wake: "Nakupenda." Upepeo unapotea, unaokotwa, unapita mikono ya watu tangu mwanzo hadi mwisho, na kila anayeushika anajiuliza ujumbe ni wa nani kwenda kwa nani. Sisi tunayo mambo hayo: ni kanga iliyosahaulika kwenye kamba ya jirani, jina lake likisomwa na kila apitaye. Kwa mshonaji, niseme kwa kupita tu, upepeo ule ulikuwa wa watu wa vifaa, na tulikatazwa kuugusa, ila kitanzi chake cha kuning'inizia mkononi kilikuwa chetu, na kilikatika kila msimu kwa sababu Valencienne anautupa ovyo.

Camille na Valencienne wanaingia kwenye kibanda cha bustanini kuagana, au ndivyo wanavyosema. Balozi anachungulia kwenye tundu la ufunguo, anamwona mkewe. Njegus, yule karani ambaye wakubwa humwona mjinga, anawahi mlango wa nyuma, anamtoa Valencienne na kumwingiza Hanna. Mlango unafunguliwa mbele ya watu wote, na anayetoka na Camille ni mjane. Na Hanna hakani. Anatangaza kwamba yeye na Camille ni wachumba.

Tafadhali tulia hapo, Mhariri. Mwanamke huyu anayeitwa wa mjini amejitwika fedheha ya mwenzake, mbele ya ubalozi mzima na mbele ya mwanamume anayempenda, ili ndoa ya mtu mwingine isivunjike usiku ule. Amemsitiri. Na malipo yake ni kwamba mwaka huu, gazetini mwetu, anaitwa malaya kwa lugha ya adabu, kwa sababu ya tendo lilelile. Danilo naye anakosea hivyohivyo, ila yeye walau amechanganyikiwa na wivu. Anasimama na kusimulia hadithi ya mwanamfalme na binti wa mfalme: mwanamfalme alikuwa na sababu ya kunyamaza, binti akachoka akampa mwingine mkono, na mwanamfalme akasema mchukue basi, mimi nakwenda zangu. Kisha anatoka kwenda Maxim's kwa hasira. Wote wanamwonea Hanna huruma. Hanna anafurahi. Amesikia alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo, maana mtu asiyependa hawezi kukasirika namna ile.

Mimi Danilo simtetei sana. Waimbaji wake huwa warembo na watazamaji humsamehe kwa sauti. Lakini yeye ndiye aliyetii ukoo, yeye ndiye aliyekimbilia kwa wasichana wa Maxim's, na kiapo chake cha kunyamaza ni kiburi kilichovishwa joho la heshima. Kosa lake ni la mtu anayeogopa kudhaniwa vibaya kuliko anavyoogopa kumpoteza mtu. Hanna naye hana lawama sifuri. Angeweza kumwambia ukweli wa kibanda siku ileile. Hakumwambia, alitaka kumwona akiumia kidogo. Haki yake, nadhani.

Sehemu ya tatu tulikuwa tunaiogopa chumba kizima. Hanna ameigeuza nyumba yake iwe kama Maxim's ili Danilo asipate sababu ya kuondoka, na wasichana wa kucheza wanaingia na sketi za tabaka kwa tabaka. Valencienne, mke wa balozi, anajichanganya nao na kucheza, kwa hiyo lazima avuliwe gauni la heshima na kuvishwa la kurusha miguu haraka mno, watu wawili wakimshika, mmoja magotini. Nilikuwa huyo wa magotini. Halafu vumbi likitulia inakuja ile walzi. Midomo imenyamaza, fidla zinasema nipende. Danilo ameshaambiwa kwamba uchumba na Camille ulikuwa wa kumsitiri mwanamke mwenye mume. Bado kiapo kinamzuia. Wanacheza, na neno halisemwi.

Linalolitoa ni wosia. Balozi Zeta, akishautambua upepeo wa mkewe, anajitangaza ameachana naye na papo hapo anamposa Hanna kwa jina la taifa. Mzalendo kweli. Hanna anamwambia kwamba wosia wa marehemu unasema akiolewa tena fedha zote zinamtoka. Zeta anarudi nyuma. Danilo anapiga hatua mbele, na kwa mara ya kwanza analitamka: anampenda. Sasa ni maskini, sasa hakuna wa kumdhania. Ndipo Hanna anapomalizia sentensi ya wosia: fedha zinamtoka kwa sababu zinakuwa za mume mpya.

Ukumbi hulipuka kwa kicheko. Mimi kila mara nilisonya, na wenzangu chumbani walizoea. Najua ni utani, na najua ni mzaha uliofungwa kwa ustadi, maana alimjaribu kwa umaskini na akafaulu. Lakini mwanamke aliyepambana sehemu tatu nzima ili asipendwe kwa ajili ya mali, mwisho mali inamponyoka kwa kuolewa tu! Kwetu Waislamu mali ya mke ni ya mke, kabla ya ndoa na ndani ya ndoa, na mume hana haki ya hata kisahani isipokuwa kwa ridhaa yake. Nilimweleza hivyo fundi mwenzangu mmoja, Mwaustria, akashangaa kuliko nilivyotegemea. Kama mwandishi wako alitaka kuikosoa opereta hii, angeanzia hapo. Ningemuunga mkono.

Suluhu ya pili, ya balozi na mkewe, siipendi kama ya kwanza. Zeta anaugeuza upepeo, anakuta mkewe naye ameandika jibu: kwamba yeye ni mke mwenye heshima zake. Basi balozi anaomba radhi, mambo yamekwisha. Yeye Valencienne kibandani aliingia kwa miguu yake. Aliyelipa ni Hanna, aliyeombwa msamaha ni Valencienne. Nilimshonea gauni zuri hivyohivyo.

Mwandishi wako analalamika pia kwamba ni saa tatu za watu kupiga kelele kwa sauti za juu. Amechanganya na opera. Opereta ina mazungumzo ya kawaida, mengi, na ndani yake mna vichekesho vya mlango na tundu la ufunguo. Njegus haimbi kabisa katika maonyesho mengi niliyoyahudumia. Hupewa mchekeshaji anayependwa mjini, naye huongeza utani wa habari za wiki ile, wa bei ya tikiti, wa waziri fulani. Huyo ndiye aliyekuwa akitupa shida zaidi, kwa sababu akinogewa onyesho linachelewa na sisi tumeshika nguo mikononi.

Na haikuwa kitu cha watu wachache wenye kola ngumu. London, katika ukumbi wa Daly's, ilianza tarehe 8 Juni 1907 ikachezwa mara 778. New York ilifika Oktoba mwaka huohuo. Kofia pana zenye manyoya alizovaa mwimbaji Lily Elsie huko London ziliigwa na wanawake hata ng'ambo ya bahari, wakaziita kwa jina la opereta. Nimewahi kushika mojawapo ya zile zilizotengenezwa kwa kuiga. Mlangoni haipiti bila kuinamisha kichwa pembeni.

Jambo moja nililisikia kutoka kwa wakongwe wa jumba lile, kisha nikalisoma, na tangu hapo sijaweza kuusikiliza wimbo wa Danilo wa Maxim's kwa wepesi wa zamani. Danilo wa kwanza kabisa, yule wa mwaka 1905, aliitwa Louis Treumann. Vienna nzima ilimuiga alivyovaa na alivyotembea. Alikuwa Myahudi. Alifia katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1943, wakati Hitler, aliyeipeleka Ulaya huko, alikuwa mmoja wa wapenzi wakubwa wa opereta hii na hakuchoka kuitazama. Sina la kuongeza juu ya hilo. Nimelitaja kwa sababu mwandishi wako aliita kazi hii "puto la watu wasio na shida".

Ombi langu ni dogo. Msahihishe jina la mtunzi. Muwaambie wasomaji kwamba walichosimuliwa ni filamu ya 1934. Na mwandishi wako, ambaye kwa picha yake ni kijana na kalamu yake si mbaya, nitampa santuri yangu ya opereta nzima aisikilize, nami nitakaa pembeni nikimfasiria, hasa kuanzia pale kibandani. Aje jioni baada ya Alasiri, vitumbua vipo. Asiniulize tu habari za cherehani.

Wako,
Mshonaji mstaafu,
Chumbageni, Tanga